Ng'ombe wa Boke Ng'ambo ya Mpaka

Safari ya masomo ya nchi za nje! Ndivyo Mwalimu Omwenga alivyoiita, nasi wanafunzi wa mifugo kule Homa Bay tukapiga pasi kaptula zetu kama watu wanaokwenda Ulaya. Nchi ya nje yenyewe ilikuwa Tarime, Tanzania, mwaka wa 1965, pua na mdomo na mpaka wetu. Ryoba, Mkuria pekee darasani, alicheka mpaka akajishika mbavu. Kwake yeye, hiyo nje ilikuwa kwa shemeji yake.

Kitanda chake kilikuwa karibu na changu, kwa hiyo mambo yake niliyajua kuliko masomo. Kwao mvulana hupangiwa dada mmoja, na ng'ombe wanaokuja dada huyo akiolewa ndio kaka huwatoa ili naye aoe. Dada wa Ryoba aliitwa Boke. Alikuwa ameolewa ng'ambo hiyo na mtu aitwaye Bichage, na ng'ombe wake walikuwa zizini kwa baba yao, wakingoja Ryoba amalize chuo Desemba ili wapelekwe kwa kina Mellen. Huyo Mellen nilimjua kwa sifa tu. Nilizisikia mpaka nikazichoka.

Tuliondoka alfajiri kwa lori la chuo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kabla hatujafika Migori lori likanasa. Tukashuka, tukasukuma, kaptula za pasi zikaishia matopeni. Kwenye josho la ng'ombe huko Tarime tulifika jua likiwa kali, na Mwalimu hakutupa nafasi hata ya kunywa maji. Tulipekua kupe masikioni na chini ya mikia, tukasukuma ng'ombe wakaidi waingie kwenye dawa, dawa ikaturukia machoni. Kufika alasiri vidole vyangu vilikuwa havikunjiki, na makundi yalikuwa bado yanakuja tu.

Kundi moja lilipokaribia, Ryoba aliacha kazi.

"Nicanor, hawa ni ng'ombe wetu."

"Ng'ombe wenu wako Kenya," nikamwambia. Nilidhani ni jua limemchanganya.

"Huyu mwekundu mimi mwenyewe nimemkamua. Alizaa nikiwa nyumbani likizo ya Aprili. Ndama wake si huyo hapo nyuma?"

Mahari hairudi hivi hivi. Hurudi mke akimwacha mumewe, au akifa bila kuacha mtoto. Ryoba alisimama pale bila kujua ni lipi kati ya hayo mawili, na Mwalimu Omwenga, ambaye hakujua lolote, alikuwa akimpigia kelele aache kuzubaa.

Nyuma ya kundi alikuja Bichage mwenyewe, na fimbo yake mabegani. Walizungumza Kikuria, nami maneno yao niliyapata baadaye kwa Ryoba, tulipokuwa kwenye lori tukirudi mpakani. Boke alikuwa hai. Alirudi kwa baba yake mwezi wa nane, mkono umevunjika. Bichage alisema alimpiga kidogo tu kwa sababu hazai, na kwamba mkono ulivunjika kwa sababu mwanamke mwenyewe alianguka vibaya. Baba akarudisha ng'ombe, kisha akaamuru watu wote nyumbani wafunge midomo, Ryoba asiambiwe mpaka mtihani uishe. Mtihani! Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Mzee wa watu alimwonea binti yake huruma, hilo namsifu, lakini mwanawe akaachwa aje kuambiwa na ng'ombe.

"Shemeji," Bichage alimwambia, "mimi na wewe hatuna ugomvi. Mwambie dada yako arudi. Akifika leo, kesho hawa wanavuka mpaka. Utaoa Desemba kama ulivyopanga."

Niliona Ryoba akiwatazama wale ng'ombe mmoja mmoja. Bichage alikuwa akitabasamu. Kisha Ryoba akatikisa kichwa, akamrudia yule mwekundu, akampekua masikio yote mawili, akamsukuma ndani ya dawa.

Jioni, tulipovuka kurudi Kenya, lori lilisimama Isebania, karibu na kwa kina Ryoba, kutiwa maji. Mellen alikuwa pale kando ya barabara na wasichana wenzake, kikapu cha ndizi mkononi, akitungoja, kwani Ryoba alikuwa amemwandikia kwamba tungepita. Sifa zote zilikuwa kweli. Alipomwona Ryoba anashuka alitabasamu, halafu akaona uso wake, tabasamu likapotea.

"Ulijua?" Ryoba akamuuliza.

"Nilijua. Mimi ndio namchotea Boke maji." Aliongea Kiswahili. Nadhani alitaka nami nisikie.

Ryoba akamweleza aliyoyasema Bichage.

"Na wewe ukamjibu nini?"

Nilitamani adanganye. Nilitamani aseme bado anafikiria, apate angalau jioni hiyo moja.

"Nilikataa."

Mellen akatua kikapu chini.

"Vizuri," akasema. "Mkono wake bado hauwezi hata kushika kikombe. Vizuri sana." Kisha akasema wazee wengine walikuja kwao Jumapili kumposa kwa ajili ya kijana wao, na baba yake amewaambia walete ng'ombe. Aliyasema haya akilia waziwazi, wasichana wenzake wakimtazama, na Ryoba akabaki amesimama mbele yake na matope yamemkaukia miguuni. Nilikuwa na uchungu nusura nami nilie, ingawa msichana hakuwa hata wangu.

Mwalimu akapiga honi. Ryoba akapanda, akaketi karibu yangu. Nilijua analia kwa jinsi bega lake lilivyogonga langu. Karibu na Rongo ndipo alipouliza, nami sijui kama aliniuliza mimi:

"Mellen akishaolewa, nani atamchotea Boke maji?"