Michembe Iliyopata Moto Guniani

Kosa langu la kwanza katika sayansi lilikuwa kudhani kwamba maji yakishaingia mahali, yatatoka kama yalivyoingia.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, nikajiapiza kujifundisha mwenyewe. Nilikuwa na kitabu cha sayansi kisicho na jalada, na ugonjwa wa kupanga kila nilichokiona katika mafungu mawili. Sukari kwenye chai: badiliko la kiumbo, linalorudi. Kuni kuwa majivu: badiliko la kikemikali, lisilorudi. Ugali ukiungua, nilisimama na mwiko nikiupanga badala ya kuuepua.

Kiangazi kile mama alikata viazi vitamu vipande, akavianika juu ya jabali nyuma ya nyumba viwe michembe. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chetu cha miezi ya njaa, mahindi yakiisha. Kisha akaitwa msibani, upande wa Geita.

"Mvua ikija, anua. Jua likitoka, tandaza. Basi," aliniambia.

Mvua isiyo na msimu ilinikuta nimeinamia kitabu. Michembe ikalowa. Nikaisomba, nikaishindilia guniani, nikangoja jua. Lakini kila jua lililochomoza niliona halifai: mara wingu, mara upepo wa vumbi. Nilitaka vipande vyote vikauke sawasawa.

"Tandaza hivyo hivyo," dada yangu alisema.

"Hilo ni badiliko la kiumbo, dada. Maji yameingia, maji yatatoka."

"Haya, profesa."

Jua la kuniridhisha lilipopatikana, nikatia mkono guniani. Mlikuwa na joto kama chini ya kuku anayeatamia. Kitabu kilisema wazi: joto, harufu mpya, rangi mpya, hizo ni dalili za badiliko la kikemikali. Nilikuwa nimezikariri. Nikazitaja hata kwa sauti. Kisha nikaamua kwamba joto lile ni la gunia.

Dada alinusa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama wee! Viazi vyako vimelewa!"

Nikaiosha. Ndiyo, michembe iliyoharibiwa na maji niliiosha kwa maji. Kuvu iliyokwisha kuiota haikutoka.

Mama aliporudi nilimwamkia kabla hajatua mzigo. "Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Michembe?"

Nikaanza kumweleza aina mbili za mabadiliko. Alinisikiliza hadi mwisho, nadhani kwa uchovu wa safari.

"Sasa hii ni ya aina gani?"

"Isiyorudi."

"Na tutakula nini?"

Hapo kitabu changu kilikuwa hakijafika. Tulichambua hadi jioni. Iliyopona ilijaa ungo mmoja, iliyobaki tukaitupa. Miezi ya njaa ilipofika tulikula mara moja kwa siku, nami nikawa wa mwisho kujipakulia, bila kuambiwa na mtu.

Bado najifundisha sayansi, na bado napanga vitu. Ila sasa kitu kikilowa, nakitandaza siku hiyo hiyo, hata kama jua ni bovu.