Goti Lililosubiri Marahaba

Nimefundisha watoto wenye usonji hapa Tabora kwa miaka tisa, na somo ninalolijutia ni salamu.

Kitengo chetu ni chumba kimoja nyuma ya shule ya msingi, upande wa Kitete: watoto sita, mkeka mmoja. Kila asubuhi tunaketi duara na kufanya mazoezi ya kusalimiana. Watoto hawa huwezi kuwaambia "kuweni na adabu" ukaishia hapo. Adabu yenyewe lazima uikate vipande vipande. Piga goti. Mtazame mtu, angalau begani. Sema shikamoo. Subiri. Akisema marahaba, inuka. Goti lilitakwa na bibi zao, maana huku kwetu msichana anayesalimia wima huonekana hakulelewa.

Kulikuwa na binti wa miaka minane. Alikaa nasi miezi saba akiutazama ukuta. Mwezi wa nane alinipigia goti akasema, "Shikamoo." Nikaitikia, kisha nikatoka nje kulia.

Ila mwenzake mmoja alipenda kumwitikia kila mtu, hata asiposalimiwa yeye, na binti akawa anainuka ovyo. Nikalirekebisha hilo kwa wiki tatu: anayeitikia ni yule uliyemsalimia, si mwingine. Akalishika. Nilijiona hodari kweli.

Mwaka ulipokwisha tukamwombea nafasi ya darasa la kwanza katika shule ya kawaida karibu na kwao. Mama yake ni fundi cherehani. Alishona sare kabla hatujakubaliwa. Nilimkataza, hakunisikia.

Siku ya kuonana na mwalimu mkuu tulimkuta kwenye simu. Binti akapiga goti mbele ya meza, kwenye saruji iliyochimbika.

"Shikamoo."

Yule bwana akapunga mkono bila kumtazama na kuendelea na habari za mabati.

"Shikamoo."

Mama yake akainama. "Marahaba, mwanangu. Inuka."

Hakuinuka. Nikajaribu mimi: "Marahaba." Binti akanitikisia kichwa polepole, akinisahihisha. Mimi sikuwa niliyesalimiwa. Akamgeukia mkuu, akasema tena shikamoo, na tena, kwa sauti ileile, bila kuchoka.

Simu ikaisha. "Mwalimu, huyu ana nini?"

Jibu lilikuwa dogo: anasubiri umwitikie. Lakini kumwambia mwalimu mkuu, ofisini kwake, kwamba hajamwitikia mtoto, niliona ni kumvunjia heshima. Basi nikatabasamu kijinga nikasema, "Samahani mkuu, ana aibu kidogo."

"Hii si aibu. Nina watoto tisini darasani. Akinigandia hivi kila asubuhi itakuwaje? Mrudisheni kitengoni kwanza, afundishwe kusalimia watu."

Akachukua funguo zake, akamzunguka mtoto, akatoka. Binti akabaki pale anasalimia kiti. Mama yake akambeba kwa kumshika makwapani, na magoti yakaja juu yakiwa yamejaa changarawe. Afadhali mama huyo angenitukana.

Hawakurudi kitengoni. Siku hizi nafundisha tofauti: sema shikamoo, hesabu hadi tano, inuka hata kama hujaitikiwa. Watoto wanalishika haraka. Nachukia kila ninapolifundisha, kwa sababu ni somo la kuzoea kupuuzwa, na wanaostahili kufundishwa wana ofisi na funguo.

Juzi nilikutana nao sokoni. Sare ilikuwa imekatwa mikono na kugeuzwa gauni la nyumbani.

"Msalimie mwalimu," mama yake akasema.

Binti alinitazama begani, sawasawa kama nilivyomfundisha. Magoti yake hayakukunjika. Midomo haikufunguka. Nikasubiri hadi watu wakaanza kutupita kwa kutuzunguka, kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Marahaba."

Hakuna aliyekuwa amenisalimia.