Dakika Tano za Mama Muli

Kasikeu nzima ilimwita Nzilani Mama Muli. Alikuwa mtu wa kuona shida ikiwa bado mbali. Mtoto akikohoa mara moja tu, maji yalikuwa tayari jikoni yakichemka. Wingu likipita juu ya kilima bila kunyesha, yeye alikwisha kuamua mbuzi wepi watauzwa kwanza na wepi wataachwa. Mumewe alizoea kumwambia kwamba atazeeka kabla ya wakati, naye alimjibu kwamba ni lazima mtu mmoja katika nyumba azeeke, la sivyo nyumba haitaendelea.

Shule aliiacha darasa la nne. Lakini mwaka ule wa 1986, vikundi vinane vya mwethya vya upande wa kwao vilimfanya yeye kuwa mdomo wao. Mwethya ni kazi ya pamoja: leo wanawake wanachimba matuta katika shamba langu, kesho wako kwako, na asiyefika hulipa kuku. Tangu njaa ya mwaka wa 1984 vikundi hivyo vilikuwa vikihangaikia kitu kimoja, maji, na sasa walikuwa wamepata wafadhili wa kuwajengea ukuta kukatiza mto wa mchanga. Ukuta huzuia mchanga, mchanga huficha maji, na watu huchimba na kuteka hata mwezi wa tisa jua likiwa kali.

Shida ilikuwa mahali. Vigingi vya mradi vilipigwa penye Mwamba Mweusi, kwa sababu hapo mto ni mwembamba na ukuta ungekuwa mfupi. Nzilani aliujua mwamba ule tangu utoto wake. Ulikuwa na ufa wa kumeza maji. Ukiingiza fimbo ndefu ya kuchungia, inazama yote, na ukiweka shavu lako hapo unasikia hewa baridi ikitoka chini. Mwaka wa njaa walichimba penye mwamba mpaka mtu akasimama juu ya bega la mwenzake ndani ya shimo, na mchanga ulikuwa mkavu kama unga. Mwendo wa robo saa kufuata mto kwenda juu, mahali panapoitwa Kwa Kalunde, kisima cha kuchimbwa kwa mkono hakikukauka hata siku moja mwaka huo. Watu wote walionusurika waliteka hapo.

Alikuwa amemweleza mtaalamu wa mradi mara mbili. Injinia Kivuva alikuwa kijana wa Kwa Vonza, Mkamba kama wao, msomi, mpole. Alikuja kupima mwezi wa kumi na mbili baada ya mvua, akachimba shimo lake, akakuta maji, akaandika. Mara ya pili Nzilani alipomfuata mpaka kwenye gari, alimsikiliza mlango ukiwa wazi, kisha akasema kwamba karatasi zilikwisha kwenda kwa wakubwa na yeye hana uwezo wa kuzirudisha.

“Lakini mwaitu,” alimwambia, akimpa heshima ya mama, “mkutano wa mataifa unakuja. Wakubwa wenyewe watakuwa hapa, na watatia sahihi siku hiyo hiyo mchana. Nimekuombea dakika tano. Waambie wenyewe.”

Mkutano wenyewe ulikuwa Nairobi wiki nzima, wa mambo ya maji na nchi kavu, watu wa kila rangi. Siku ya nne wageni wangeletwa kwa mabasi hadi ukumbi wa kanisa pale Kasikeu, ili waongelee nchi kavu wakiwa ndani yake.

Kwa wiki tatu Nzilani alibeba zile dakika tano kama mtu anayebeba mayai. Aliyapanga maneno yake akipalilia, akikoroga uji. Ufa. Fimbo. Hewa baridi. Kwa Kalunde. Aliwaza pia nani atabaki na mtoto wake mdogo mwenye masikio yanayotoka usaha, na kama kiatu chake cha kushoto kitavumilia.

Jumapili kabla ya mkutano, vikundi vyote vinane vilikutana nje ya kanisa kumtuma. Hapo ndipo kila kikundi kilipompa salamu. Kwa desturi ya mwethya, anayetumwa hasemi neno lake kabla ya kufikisha salamu za waliomtuma, kila kikundi kwa jina lake na jina la kiongozi wake, na wanaosalimiwa huitikia. Ukiruka kikundi kimoja, hicho hakikukutuma, na siku ya kazi watu wake hawaonekani. Syokau, kiongozi wa kikundi cha Wendo na mwenye ulimi mkali kuliko wote, alimshika mkono.

“Mama Muli, ukisahau Wendo nitajua. Nitaona tu vile utakavyotembea ukirudi.”

Watu walicheka. Nzilani hakucheka sana. Alirudia majina yale manane njia nzima.

Siku ilipofika, ukumbi ulikuwa umewekwa vitambaa vyeupe juu ya meza, na jenereta ilinguruma nje. Mbele walikaa wasemaji wanne, Nzilani akiwa mwisho kabisa, karibu na dirisha. Katikati alikaa msimamizi wa mazungumzo, Bwana Faki, mtu wa asili ya Lamu aliyefundisha ng'ambo miaka mingi, Kiswahili chake kinateleza kama mafuta. Kando yake mama mmoja wa Kizungu alishika kadi za rangi na kikengele cha shaba. Wageni walivaa vidude vya masikioni, na msichana mmoja nyuma ya ubao alikuwa akitafsiri.

Mtaalamu wa kwanza alisema juu ya mvua za dunia. Wa pili alisema juu ya wa kwanza, kwamba hakukubaliana naye, kisha wakakubaliana. Wa tatu alikuwa Injinia Kivuva. Alionyesha picha ukutani, na Nzilani akajiona mwenyewe, mkubwa kama nyumba, na jiwe kichwani, nyuma yake Syokau akiwa amekunja uso kwa sababu ya jua. Injinia alisema kwamba katika mradi huu wananchi ndio wanaoamua. Alizidisha muda wake karibu mara mbili, na msimamizi alimwachia huku akitabasamu, kwa kuwa picha zilikuwa nzuri.

Ndipo wakamwita Mama Nzilani.

Alisimama. Aliwasalimu wakubwa, kisha akaanza. Kikundi cha Ngwatanio, kiongozi wao Ndeti, kinawasalimu, hamjambo? Akangoja. Hakuna aliyeitikia. Wageni walikuwa wakimtazama kwa upendo, mikono juu ya magoti. Alidhani sauti haijawafikia, akarudia, na wale wanawake wachache waliosimama mlangoni ndio waliomwokoa kwa kuitikia hatujambo. Kikundi cha Kyeni, kiongozi wao Muthoki. Akangoja tena. Nyuma ya ubao msichana alitafsiri kila jina, na kila tafsiri ilikula muda kama salamu yenyewe. Alipofika kikundi cha tano, yule mama wa Kizungu aliinua kadi ya manjano. Nzilani, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemweleza kadi ni za nini, alimwitikia kwa kichwa kwa adabu, akaendelea. Kikundi cha sita. Cha saba. Alipomaliza Wendo ya Syokau, kikundi cha nane, alivuta pumzi na kuweka kiganja mezani.

“Sasa, neno lililonileta,” alisema.

Kengele ikalia.

Bwana Faki alikiinamia kipaza sauti chake. Alimshukuru Mama kwa salamu nzuri kutoka kwa jamii, akasema zimewagusa wote. Watu wakapiga makofi. Wengine walisimama kabisa.

“Sijasema bado,” Nzilani alisema.

Kipaza sauti chake kilikuwa kimezimwa, na kwa vile makofi yalikuwa bado yanaendelea, aliyemsikia ni msemaji wa pembeni yake tu, mzee wa Kihindi, ambaye alimgusa mkono na kumwambia kwa Kiingereza kitu ambacho labda kilikuwa pongezi. Nzilani alimtazama Injinia Kivuva. Kivuva alijua. Mtoto wa Kwa Vonza hawezi kukosa kujua salamu ni mlango tu. Alikuwa akipanga picha zake ndani ya kisanduku, moja moja, taratibu.

Wakati wa maswali aliinua mkono. Msimamizi alieleza, kwa upole ule ule, kwamba aliyeketi mbele hujibu, haulizi. Mgeni mmoja aliuliza wanawake wanajisikiaje juu ya mradi. Swali lilipelekwa kwa Injinia.

Wakati wa chakula alimfuata Bwana Faki penye sufuria za pilau. Alimweleza yote: ufa, fimbo, hewa baridi, shimo la watu wawili, Kwa Kalunde. Ilichukua muda mfupi kuliko kikombe cha chai. Bwana Faki alisikiliza sahani ikiwa mkononi, na uso wake ulibadilika.

“Mama, hili ni jambo kubwa. Ungalianza nalo.”

“Ningeanzaje na jiwe kabla ya watu?”

Bwana Faki hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Nzilani zaidi, kwamba hapakuwa na mtu mbaya wa kumkasirikia. Msimamizi alitoa karatasi mfukoni, akaandika, akamwahidi kwamba ataifikisha kabla ya sahihi. Nzilani alimwona akitembea nayo. Alimwona akimpa mkubwa mmoja mwenye suti ya kijivu, na mkubwa akaisoma, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya faili na kuendelea kula. Baada ya chakula kalamu zilitolewa. Michoro ilipitishwa kama ilivyokuwa.

Jioni ile wanawake walikuwa wamemngojea njiani. Swali la kwanza la Syokau lilikuwa kama Wendo imetajwa.

“Imetajwa.”

“Sisi wote?”

“Wote wanane.”

Walifurahi. Ilimbidi angoje furaha yao ipite ndipo awaambie kwamba juu ya mwamba hakusema hata neno. Ndeti alikasirika, akauliza ni nani aliyemtuma kwenda kusalimia Wazungu mpaka jua likazama. Nzilani angeweza kumjibu kwamba yeye, Ndeti, alikuwa wa kwanza kudai jina lake. Alimeza neno hilo na mate. Syokau safari hii hakutania. Alisema tu kwamba ilifaa wamwambie aende na salamu moja ya wote, nao hawakumwambia.

Miezi miwili baadaye Kivuva alileta kitabu cha ripoti ya mkutano. Nzilani alimtafuta mwanawe wa kidato cha pili amsomee. Kurasa sita zilikuwa za Injinia. Ya Nzilani ilikuwa mistari miwili: mwakilishi wa jamii aliwasilisha salamu za vikundi na kuonyesha furaha yao juu ya mahali palipochaguliwa.

“Rudia hapo,” alisema. Mtoto akarudia. Aliuliza mara ya tatu kama hiyo furaha imeandikwa kweli, na ilikuwa imeandikwa.

Simiti ilifika, na mahindi ya wafanyakazi yakafika. Kuyakataa hakukuwezekana, nyumba zilikuwa tupu na mahindi yalikuwa ya wale tu watakaojenga penye vigingi. Kwa hiyo Jumatatu na Jumatano Nzilani aliwaita watu wake penye Mwamba Mweusi, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kubeba. Mawe yalipanda vizuri. Injinia alipiga picha.

Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa, ambayo haikuwa siku ya mradi, alichukua karai lake na sururu akaenda Kwa Kalunde peke yake. Alianza kukusanya mawe ukingoni, bila simiti, bila mchoro, akiyalaza moja juu ya jingine kama ukuta wa tuta. Hakumwita mtu. Karibu na saa nne Syokau alitokea na jembe begani, akasimama akimtazama.

“Mama Muli, kwa hiyo sasa tutabeba mara mbili?”

“Mara mbili. Kule kwa sababu ya mahindi.”

Syokau alitukana kidogo, si mtu hasa, bali hali yenyewe. Kisha aliweka jembe chini, akainama, akalishika jiwe upande wa pili, kwa sababu lilikuwa zito mno kwa mwanamke mmoja.