Baba Aliyegeuza Fomu

Jumanne moja, katika miaka ya themanini, nilikuwa ofisini kwa shule moja ndogo ya sekondari hapa Kigali, ile inayofundisha useremala na kufuma sambamba na hesabu. Mbele yangu baba mmoja alikuwa akimwandikisha binti yake.

“Madamu, hapa mutajuaje mtoto amekuwa wa ngapi?”

“Hatupangi namba, baba,” mwalimu mkuu alijibu, akimpa fomu.

Baba akajaza hadi mwisho, akaigeuza. Nyuma hakukuwa na kitu. Akaigeuza tena.

“Madamu, iko kitu mumesahau. Kila shule inauliza kabila. Hapa naandika wapi?”

“Sisi hatuulizi.”

Kalamu ikabaki hewani. Binti akamwonyesha kwa kidole mahali pa sahihi.

Nikatabasamu. Zamu yangu ilipofika, nilijaza fomu ya mwanangu, kisha mkono wangu wenyewe ukaigeuza.