Nani Aliweka Mama mu Kitunga?

Ordinateur, ile kompyuta yangu, ilitoa sauti moja tu, krrap, kama mutu anakunja gazeti ya kufungia mandazi, na mama yetu akaisha. Ilikuwa asubuhi, nimekaa mbele yake na kikombe ya chai, na nilifurahi. Nasema ukweli: nilifurahi kama mutu ametoka kufagia nyumba nzima. Kisha nikatafuta picha ya mama, ile moja tu iliyobaki hapa duniani, ile tulipaswa kuweka mu kadre ya kioo kwa misa ya kumukumbuka Jumapili hii. Haikuwako tena. Nilikuwa nimeitupa mwenyewe.

Ili munielewe, ninyi wa umri wangu, turudi kwanza kule Kadutu, mu ile nyumba ya mbao juu ya mulima, tulipokuwa wadogo.

Enzi zetu, réseau, huu mutandao munaoutafuta na simu, ilikuwa mutu. Na huyo mutu nilikuwa mimi. Papa alikuwa na redio kubwa kama kabati, na haikukamata kitu bila mutoto kusimama pa dirisha, mukono juu, ameshika waya. Kaka yangu mukubwa Déo alikuwa na mikono mifupi, njo maana alienda masomo. Mimi Mungu alinipa mikono mirefu, nikabaki nyumbani. "Bahati, inua! Kinshasa inakimbia!" Nikiinua, Kinshasa inarudi. Nikijikuna, Bujumbura inaingia. Siku ya mupira nilisimama tangu mwanzo mpaka mwisho bila kwenda kukojoa, na goli ikiingia wote wanaruka, mimi hapana. Masomo niliacha mu mwaka wa tano primaire. Sifichi mwenye kosa: ni Papa, na ule mupira wake.

Matengenezo tulijua. Batri zikichoka, tunaziuma kwa meno, kisha tunazipanga juu ya bati jua izipige, na saa ya habari zinaimba tena kidogo. Redio ikikoroma, kofi mbili upande wa kushoto. Wa kulia hapana. Papa alisema mutangazaji anakaa pale, utamuumiza. Leo batoto wangu, connexion ikikatika, wanajilaza chini kama wagonjwa. Hakuna hata mmoja anayeinua mukono.

Lakini serikali ya ile nyumba ilikuwa mama. Nyuma ya mulango kulikaa kitunga, kikapu yetu ya takataka: maganda ya viazi, vichwa vya samaki sambaza, majivu ya makaa. Mama alikuwa na sheria moja: "Takataka hailali na watu." Kabla jua haijazama, mimi na kitunga juu ya kichwa, tunashuka mpaka mu kibonde. Kitunga ikibaki imejaa, fufu ya jioni huioni, hata ulie kwa Kifaransa.

Siku moja nilitupa kiatu ya Papa, kile cha kwenda nacho misa. Kilikuwa mu kitunga. Papa alipiga kelele mpaka majirani wakatoka inje. Mama akageuka pole pole, mwiko mu mukono, akauliza: "Kiatu yako ilitafuta nini mule?"

"Niliiweka pale kidogo tu, nilikuwa natafuta rangi!"

"Mutoto ametupa vizuri. Mwenye kuweka njo atajibu."

Papa alienda misa na kandambili mwezi muzima. Kesi ikaisha pale.

Ile picha mupiga picha aliipiga mu hiyo miaka. Mama amesimama pa mulango, kitenge ya mandege, hacheki kwa sababu anahesabu kuku. Na pembeni, ukiangalia vizuri, unaona mukono wa mutoto umeinuliwa na waya. Huo ni wangu. Ni ushahidi wa pekee kwamba mimi pia nilikuwa mutoto.

Mama alikufa. Kisha moto ukapita mu mutaa yetu, nyumba ikaenda yote. Nilitoka ndani hai, nikiwa nimebeba nini? Redio. Redio iliyokufa zamani! Mikono ilifanya yenyewe, kwa mazoea. Albamu ya picha ikabaki mu moto. Déo alinitukana mbele ya watu: "Umeokoa kabati ya Papa, umeacha mama!" Lakini yeye alikuwa ametia ile picha mu ordinateur yake, kubwa sana, unahesabu hata nyuzi za kitenge. Tukapumua.

Déo aliponunua ingine, ile ya zamani akaileta kwangu, na picha ya mama ndani. Ikawa nzito, ukiigusa inafikiri kwanza. Mwezi jana akakuja kuitengeneza. "Machine imeshiba," akasema, "inafaa kutoa vitu vizito." Akabonyeza, akabonyeza, akakunywa chai yangu, akarudi Kamituga kwa kazi yake.

Jana asubuhi nafungua, naona nini pembeni ya écran? Kitunga. Ndogo, wameichora vizuri, imejaa makaratasi mpaka juu. Takataka imelala mu nyumba yangu mwezi muzima! Haya ikanishika, nikasikia kama mama amesimama nyuma yangu na mwiko. Nikabonyeza kumwaga. Ikaniuliza kwa Kifaransa kama kweli nataka vitu viende kabisa. Mama hakuulizaka mara mbili. Oui. Krrap.

Nilipoona picha haiko, nikapiga simu Kamituga.

"Bahati! Usiniambie umemwaga ile kitunga, corbeille!"

"Ilikuwa imejaa."

"Mama alikuwa mule! Njo alikuwa mzito kuliko vyote! Nilimuweka pale kidogo tu, nimuhamishe baadaye!"

"Pale ni pa takataka, Déo."

"Hapana, pale ni pa kungojea! Bon, sikiliza: zima, usiiguse tena, kuna watu wanajua kurudisha. Hujaigusa?"

Nikaficha mukono nyuma. Kwa uoga, kabla ya kupiga simu, nilikuwa nimeipiga kofi mbili. Upande wa kushoto, sawasawa. Ilikoroma kidogo, ikawa nyeusi, na mpaka saa hii ni nyeusi.

Sasa kadre iko pa ukuta na kioo chake, ndani hamuna mutu. Enzi zetu kitunga ilikuwa kitunga, kilichoingia mule kilikuwa ganda. Siku hizi waliosoma wanawekea mule wazazi wao, kidogo tu, wangojee. Halafu wanasema mujinga ni yule hakumaliza primaire.

Kofi nakubali, ni zangu. Kumwaga pia nakubali. Lakini Déo anafika Jumamosi, na atanikuta nimesimama pa mulango. Nitamuuliza mbele ya familia yote, kama mama alivyouliza ile siku, na haingii ndani kabla hajajibu: mama yetu alitafuta nini mu kitunga?