Kitabu Kilichodaiwa Kumtorosha Valarie

Shule niliiacha darasa la sita, na nadhani hadi leo inanililia. Lakini nikikaa pale Utange kwa mpwa wangu Josephine, msusi, najihesabu profesa. Kwake ipo desturi: anayesukwa ndiye anayesoma riwaya kwa sauti, maana mikono ya msusi imejaa nywele. Akishuka kigodani, anayefuata anaendeleza alipoachia. Hivyo ndivyo Josephine alivyozipata hadithi zake zote, kwa masikio.

Mwezi jana Valarie, bintiye Margaret, alitoroka na fundi wa pikipiki. Na kibaraza anachosukia Josephine ni cha huyo Margaret. Akaja asubuhi, hata hodi hakupiga.

"Josephine, vitabu hivyo uvichome leo, au uhame. Mwanangu kasoma cha bibi harusi aliyetoroka, naye katoroka."

Nikakohoa, tayari kutoa hotuba.

"Mjomba, ngoja kwanza," Josephine akasema, chanuo mkononi. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu atafutaye sindano sakafuni. "Pole, Mama Valarie. Na yule fundi, yeye alisoma nini?"

"Yule? Hata jina lake analisoma kwa shida."

"Basi yeye alitoroshwa na nini?"

Margaret akakaza mtandio wake.

"Na kitabu tulikisikia sote. Mteja wangu Winfred alisoma mwanzo, Valarie akaendeleza, nawe ulikuwa hapo mlangoni wachambua mchicha. Mbona wewe bado uko na Baba Valarie?"

"Mimi nina akili zangu."

"Kumbe kitabu kinamwingia asiye na zake. Hilo hukulisema, lakini ndilo linaloshikilia maneno yako yote. Valarie hana akili?"

"Mwanangu ana akili," Margaret akajibu polepole. "Tena nyingi."

"Basi alikuwa na sababu yake. Umemwuliza?"

Margaret alitazama kile kitabu kwenye dirisha, kimekunjwa ukurasa alipoishia Valarie.

"Huyo bibi harusi, mwisho alirudi kwao?"

"Hatujafika."

Margaret akavua mtandio, akaketi kigodani. "Nisuke. Lete hicho kitabu, hakichomwi leo."

Mimi tena, ulimi haukai. "Shemeji, kwani akirudi kitabuni ndiyo Valarie atarudi?"

"Sogea, wanizibia mwanga."

Nikasogea. Akasoma kwa sauti ya chini, simu yake mapajani, jina la Valarie limeshafunguliwa, tayari kupigiwa.