Betri Yenye Bwaki

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Kila mwaka theluji ikiisha, nikisikia gari la manispaa linafagia changarawe iliyomwagwa kuzuia utelezi barabarani hapa Fisksätra, Uswidi, siku hiyo inarudi yenyewe kama paka aliyezoea mlango. Nilikuwa kijana bado. Nilishuka chini ya jengo, kwenye chumba cha baiskeli, nikaondoa blanketi juu ya pikipiki yangu, nikaifuta vumbi, nikaikalia, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Ikasema tka-tka-tka-tka. Basi. Kama mtu anayetafuna karanga gizani.

Kabla sijaenda mbali nikuambie mimi ni nani, maana mzee akianza kushauri ni haki yako kuuliza amesoma wapi. Sikusoma. Kule Uvira, Kongo, niliishia darasa la tatu. La nne nililiona kupitia dirisha. Haya ninayoandika, binti yangu ananisahihishia herufi, na akianza kunisahihisha maneno namfukuza akapike chai. Lakini pikipiki niliijua, au nilidhani naijua, kwa sababu nilikulia mgongoni mwa mume wa shangazi yangu, aliyekuwa akibeba abiria kwa pikipiki mjini.

Na hapo ndipo penye kisa chenyewe. Kwetu harusi hutanguliwa na pikipiki. Inakwenda mbele ya gari la bibi harusi, taa zinawaka mchana kweupe, honi juu ya honi, na mpiga picha amekaa nyuma ya dereva kinyumenyume, uso kwa bibi harusi. Mume wa shangazi ndiye aliyeitwa na kila mtu. Aliongoza mabibi harusi wa watu mpaka akawa kama sehemu ya sakramenti ya ndoa. Binti yake, Adela, alipokuwa mdogo, alikuwa akimkalisha juu ya tangi la mafuta na kumwambia, "Wewe, mama, nitakuongoza mwenyewe, na honi nitaipiga mpaka ikauke sauti." Hakuwahi. Alifariki kabla hatujafika huku Uswidi, Mungu amlaze pema.

Sasa Adela alikuwa anaolewa na kijana wa Kirundi wa Hässelby. Misa Hallonbergen, karamu Hässelby. Siku ya kikao cha mahari nilisimama mbele ya wazee nikasema, "Baba yake hayupo, lakini pikipiki ipo." Watu wakalia. Mwanangu, ukishawaliza watu kwa ahadi, huwezi kurudi ukawaambia habari za betri. Na harusi ilikuwa mlangoni.

Nikuambie jinsi tulivyofika kwenye tka-tka. Uvira betri ya pikipiki ilikuwa kitu cha honi tu. Ikifa, unapiga kiki, injini inawaka, unaendelea na maisha; nyingine hazikuwa na betri kabisa, pale pake pamewekwa tambara la kufutia mikono. Hii niliyonunua huku haikuwa na kiki. Ilikuwa na kitufe, na mimi sikujiuliza kitufe kinapata wapi nguvu. Nilijua tu kwamba baridi ni mbaya. Basi majira yote ya baridi, kila Jumapili nikitoka kanisani, nilishuka chini, naiwasha, inanguruma, watoto wa jengo wanapiga makofi, naizima, napanda kula. Nilijiona nimeifanyisha mazoezi. Nilijiona mlezi.

Siku hiyo nikamwita Bosco, mdogo wake bwana harusi, kijana mrefu mwenye mdomo usiolala. Tukaisukuma kwenye mteremko wa kuelekea kituo cha treni, mimi juu, yeye nyuma anahema. "Kaka," akasema, "hii si pikipiki, hii ni toroli yenye taa." Mara ya tatu ikakohoa, ikawaka. Nikapiga kelele kama niliyeiumba. Nikaenda nayo moja kwa moja mpaka jengo la shangazi, si mbali, nikaizima kwa madaha, nikamwita ashuke aone.

Akashuka na unga mikononi. Nikabonyeza. Tka.

"Usijali, Mama," Bosco akamwambia, "siku yenyewe tutamfunga bibi harusi kamba, aivute."

Shangazi Veronika hakucheka. Yeye aliniita "baba," kwa sababu nilipewa jina la baba yake, na ndivyo ilivyo kwetu. Kwa hiyo hata akikutukana anakutukana kwa adabu. Kule nyumbani alifanya kazi ya kupima watoto kliniki, wale wachanga wanaoning'inizwa kwenye mizani kama ndizi. Kuhusu pikipiki alijua jambo moja tu: kuisubiri irudi nyumbani jioni. Lakini alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Akaizunguka. Akainama. Akainusa, wallahi.

"Baba, huyu anakula nini?"

"Ni betri, Shangazi. Anakula umeme. Injini ikizunguka safari ndefu, inamlisha."

"Na kumwamsha, kunamgharimu?"

"Ndiko kunakomgharimu kuliko vyote. Na kwenye baridi zaidi."

"Na Jumapili ulimwacha akinguruma muda gani?"

"Wimbo mmoja. Mbili, watoto wakishangilia."

Akapangusa unga kwenye kanga. "Kwa hiyo ulikuwa unamwamsha mtoto kwenye baridi kumwuliza kama amelala, halafu unamrudisha kitandani kabla titi halijafika mdomoni. Kila Jumapili. Baba, kwa heshima zako zote, wewe ni mjinga."

Bosco akageuka kutazama miti.

Akaniamuru niitoe betri niipandishe jikoni kwake. Nikafungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya; hilo nilielezwa na jirani aliyeniazima chaja na kipima volti, na wewe lishike hivyo hivyo, na wakati wa kurudisha uanze na chanya, hasi iwe ya mwisho. Juu ya vichwa vya betri palikuwa na unga mweupe wa kijanikijani, kama kutu ya sarafu. "Mdomo mchafu," Shangazi akasema, "hata uji mzuri haupiti." Tukaukwangua kwa mswaki wa zamani na maji ya vuguvugu yenye magadi ya kuokea, tukakausha. Dirisha wazi, jiko limezimwa, maana betri hizi za asidi zikila hucheua, na kile zinachocheua kinaweza kushika moto. Tukaunganisha chaja, tukaiacha iendelee kula usiku kucha, nami nikalala hapo kwenye kochi.

Asubuhi nikaipima. Volti kumi na tatu kasoro! Nikampigia Bosco simu kabla sijanawa uso.

"Umempima akiwa ametoka kunyonya?" Shangazi akauliza kutoka chumbani.

"Ndiyo, Shangazi, nimetoa chaja sasa hivi."

"Kliniki nilikuwa na akina mama wa namna yako. Anamjaza mtoto maji mlangoni ili mizani isimsemee. Mwache akae. Atapimwa kesho."

Tukamwacha. Kesho yake alikuwa kumi na mbili na nusu na kidogo. Namba nzuri, ukimwuliza mtu yeyote. Nikaishusha mpaka chumba cha baiskeli cha jengo lake, tulikoiingiza pikipiki, nikaifunga mahali pake, Shangazi ameshika zile nyaya mbili za kipimo juu ya vichwa vya betri kama alivyoelekezwa. Nikabonyeza. Injini ikaguna, ikazunguka kwa uvivu, ikawaka. Nikaruka juu, nikacheza pale pale sakafuni kati ya baiskeli za watu.

"Umeiona namba?" akaniuliza.

"Namba gani tena? Si imewaka?"

"Ulipobonyeza ilianguka mpaka nane. Halafu ikapanda tena kama vile haikuwa na habari."

Nikazima, tukarudia. Kweli. Ikikaa bure, kumi na mbili na nusu. Ikiambiwa ibebe, nane. Kumbe betri nzima haipaswi kushuka hivyo. Ikipita chini ya tisa na nusu hivi, ujue kuna neno.

Ndipo Shangazi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanieleza habari ya bwaki. Ndivyo tulivyoita kule Kivu ule ugonjwa wa mtoto aliyekosa chakula cha kujenga mwili, akavimba. Mizani inasema mnene. Mashavu yamejaa. Mama mwenyewe anajivuna. "Sasa unajua tulikuwa tunafanyaje? Unashika mguu wa mtoto, unabonyeza kwa kidole gumba, hivi, unahesabu polepole, unaachia. Shimo likibaki, yale si mafuta, ni maji. Mizani inadanganya. Kidole hakidanganyi." Akaigusa betri. "Huyu ana bwaki, baba. Amekaa na njaa miezi mingi, ndani ameharibika. Unamwona mnene tu."

Nyumba njema si mlango, mwanangu.

Nitakwambia ukweli, sikutaka kusikia. Si ilikuwa imewaka? Na Bosco alinipa akili ya haraka: siku ya harusi tuichaji usiku, tuiwashe asubuhi, tusiizime wala tusisimamishe msafara mpaka Hässelby. Nikampelekea Shangazi akili hiyo kama zawadi. Akaacha kukanda. Halafu akasema, "Mume wangu hakuwahi kumwambia bibi harusi wa mtu asishuke kupiga picha." Akarudi kwenye unga wake.

Nikanunua betri mpya. Ile ya zamani niliipeleka kituo cha taka maalumu. Usiitupe pipani, asidi na madini ya risasi yaliyomo ni sumu.

Sasa ngoja, hapa ndipo ninapopapenda. Nimeshafunga betri mpya, Shangazi yuko kando anaangalia, ufunguo uko mfukoni, nasimama kunyoosha mgongo, na taa ya chumba cha baiskeli ikajizima. Unazijua taa zetu za huku chini, hujizima zenyewe ukikaa kidogo. Nikanyoosha mkono kutafuta swichi.

"Usiwashe," Shangazi akasema.

Tukasimama kwenye giza. Chini ya kiti cha pikipiki, nukta nyekundu. Ikawaka, ikazimika. Ikawaka, ikazimika.

"Ufunguo uko wapi?"

"Mfukoni mwangu."

"Na yule pale ni nani anayekula na sisi?"

Nikainua kiti, nikafuata waya kwa vidole. Mwenye pikipiki wa kwanza alifunga kifaa cha kuzuia wezi. Sauti yake ilishakufa zamani, hata mwizi angeibeba pikipiki kisingelia, lakini tumbo lilikuwa hai. Majira yote ya baridi kilikuwa kinanyonya, usiku na mchana, na mimi Jumapili nakuja kumalizia. Kikulacho ki nguoni mwako. "Mtoto akikonda kwenye nyumba yenye chakula," Shangazi akasema, "usimtazame mtoto peke yake. Tazama nani mwingine yuko kwenye sahani." Nikang'oa fyuzi yake. Nukta ikatoweka. Shangazi akacheka kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, akacheka gizani peke yake, kama msichana.

Jumamosi ikafika. Nilitangulia kutoka Hallonbergen, taa zinawaka, honi juu ya honi, Waswidi madirishani wanashangaa nani amekufa au nani amezaliwa. Mpiga picha hatukumkalisha kinyumenyume, polisi wa huku hawana mzaha. Alitoa kichwa dirishani mwa gari, ikatosha. Karibu na ukumbi, pale ufukweni mwa ziwa huko Hässelby, Adela akasema anataka kushuka kupiga picha. Nikazima injini.

Unajua ukimya wa injini iliyozimwa mbele ya ukoo mzima? Bosco alinitazama. Picha zikapigwa, za bibi harusi, za wakwe, za watoto wanaolia. Adela akaja akasimama mbele ya pikipiki, akaweka mkono juu ya tangi, pale alipokuwa akikalishwa. Mimi nikanyanyua mkono niwashe, na Shangazi Veronika, na kitenge chake kipya na kilemba chake, akanisukuma pembeni kwa kiwiko.

"Toka, baba."

Akakibonyeza mwenyewe kile kitufe, kwa kidole gumba, polepole, kama anayebonyeza mguu wa mtoto. Injini ikaitika mara moja. Hata haikuvuta pumzi. Vigelegele vilivyopigwa pale, bata wote waliondoka ziwani. Nikapiga honi mpaka Hässelby yote ikasikia, na kama haikukauka sauti, ni kwa sababu betri ilikuwa mpya.

Basi, mwanangu, ushauri wangu ni huu, mdogo, ukae nao. Theluji ikikaribia, toa betri uilaze ndani, pakavu, mbali na kipasha joto. Ilishe mara kwa mara kwa chaja inayolingana nayo. Za siku hizi zinajua zenyewe kuacha, lakini soma betri yako ni ya aina gani, kwa maana zile nyepesi za kisasa zina chaja yao. Ikiwa imevimba, imepasuka au imeganda kwa baridi, usiilishe kabisa. Usiiamshe kwa ajili ya makofi. Safisha mdomo wake. Usiipime imetoka kula. Ipime imepumzika, kisha ipime ikibeba mzigo. Na kabla hujamlaumu aliyekonda, zima taa, utazame nani anakula gizani.

Na ninyi kwa ninyi, vijana wetu, mnaokaa peke yenu kwenye vyumba vya huku kwenye majira marefu ya giza: mnapigiana simu Jumapili, mnaulizana, mnajibiana kwa Kiswidi kwamba yote ni mazuri, mnakata kabla chakula hakijafika mdomoni. Nenda ukagonge mlango. Kaa. Bonyeza kidogo kwa kidole, uone kama shimo linabaki.

Mungu akupe mtu wa kukutangulia njiani siku ya furaha yako, na akupe shangazi wa kukuambia mjinga kwa heshima. Baridi ikuache mzima, na asubuhi utakapobonyezwa, uitike.